Fundi Chini na Neno Lake Moja

Mtu anayeshinda shimoni toka asubuhi hawezi kukosa jina la utani, na huyu wetu walimwita Fundi Chini. Alikuwa mchimba visima. Watu wakikutana naye barabarani humuuliza, "Fundi, habari za chini?" naye hujibu, "Chini kumetulia, juu ndiko kuna kelele," kisha hucheka mpaka mabega yakatikisika, kana kwamba ndiyo kwanza ameutunga mzaha huo.

Alikuwa mgane, akiishi na dada yake mkubwa, mwanamke ambaye Mungu alimpa ulimi akasahau kumpa breki. Jioni mbili kwa wiki alioga, akapaka mafuta, akaenda darasa la Kiingereza la watu wazima. Eti anataka kusoma maandishi ya kwenye pampu. Uongo mtupu! Kwenye dawati la mbele alikaa mshonaji mmoja, mjane, mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichokuwa akiandika, na fundi wetu alishasahau madaftari mazima.

Na hakuwa amemwambia neno. "Mchimba kisima hasemi maji yapo mpaka ashike udongo uliolowa," alimwambia dada yake. Kwa visima, kanuni nzuri sana. Kwa mapenzi, jamani, ni balaa.

"Haya, endelea kupapasa udongo," dada akamjibu Alhamisi hiyo, akimwekea chakula. "Mwenye duka la vipuri ameshamtuma shangazi yake akamposee huyo mshonaji wako. Jibu linatoka Jumamosi."

Akalirudisha tonge sahanini. Akanywa maji, akachukua daftari lake na kamba yake ya kupimia visima, akatoka bila kuaga.

Jioni hiyo ilikuwa zamu yake. Mwalimu alimpa kila mwanafunzi neno moja alieleze mbele ya wenzake: maana, asili na matumizi. Yeye alipewa neno *deep*, na darasa zima lilicheka siku alipopewa, maana apewe nani kama si yeye?

Akasimama. Moyo ulikuwa umechangamka ajabu, kama wa mtoto aliyepanda juu ya ukuta na sasa lazima aruke.

"*Deep*," alianza, "ni pale ambapo toka juu mpaka chini ni mbali." Akaitupa kamba. Ikafunguka kati ya madawati, ncha ikatokea mlangoni. "Hicho ndicho kina cha kisima nilichomaliza juzi."

Darasa likaguna kwa mshangao.

"Asili yake ni Kiingereza cha kale. Ni ukoo mmoja na maneno yao ya kuchovya na kupiga mbizi. Kwa hiyo ukichovya mkate kwenye chai, umeshagusa ukoo huo." Wakacheka, naye akapata nguvu. "Sasa matumizi. Sisi tunasema kisima kirefu, usingizi mzito, rangi iliyokolea. Kila kitu na neno lake. Waingereza wanabeba vyote kwa neno moja hilohilo. Ni uvivu au ni ujanja, sijui."

"Tupe mifano, Fundi," mwalimu akasema.

"*Deep sleep*. Usingizi ambao mimi sijaupata toka muhula uanze." Kicheko. "*Deep blue*. Buluu iliyokolea, kama gauni la mtu fulani Jumanne iliyopita."

Kicheko kikakatika. Mshonaji akainua uso.

"*Deep love*." Akainama, akaanza kuikunja kamba yake. "Mapenzi yenye kina. Kuna mtu anampenda mwenzake hivyo toka mwaka jana. Hajasema. Anaogopa atachimba akute kukavu."

Mwalimu, binti wa watu, hakujua atazame wapi. "Kuna... kuna swali?"

Mshonaji akasimama taratibu. "Lipo. Huyo mtu wa mfano, mwoga hivyo, leo ujasiri kautoa wapi?"

"Amesikia kuna jibu linatoka Jumamosi."

"Na huyo anayempenda ni nani?"

Fundi Chini alifumba macho. "Ni wewe."

Lo! Madawati yalipigwa, mtu akapiga mluzi, bibi mmoja wa nyuma akapanda juu ya kiti aone vizuri. Mwalimu alijaribu kukumbusha kwamba sentensi zote ziwe za Kiingereza, lakini nani alimsikia?

"Mwache, mwalimu, nimeelewa," mshonaji alisema, akicheka kile kicheko chake na machozi yakimlengalenga. Akamgeukia fundi. "Kesho asubuhi njoo nyumbani umwambie mama, kabla hiyo Jumamosi haijafika. Lakini asili ya neno iache hukuhuku. Mama hana subira."