Nyani Aliyefundishwa Kuomba

Tangu siku ya kwanza sikumwamini yule mtafiti. Mtu anayekodi nyumba nzima hapa Voi ili amlee mtoto wa nyani, amvalishe nepi na kumfundisha kuongea kwa mikono, ana lake jambo. Lakini kazi ni kazi. Nikawa yaya, na majirani zangu nikawaambia nalea mtoto wa mzungu.

Nilimbeba mgongoni kwa leso kama nilivyobeba wanangu, na nilimpenda, sitaficha. Ishara alizishika upesi: kiganja wazi, nipe, mikono miwili kifuani, nibebe. Kila akifanya hivyo, mtafiti aliandika kwamba amezungumza. Mimi niliona mtoto mwenye njaa. Hata nyani alipotulia tu, yeye aliandika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Siku moja nikamuuliza huku nikikunja nepi.

“Daktari, utafiti ukiisha huyu ataenda wapi?”

“Atarudi porini, Mama. Atakuwa huru.”

“Kwa nyani gani? Akisikia wenzake anakimbilia kwangu.”

Akatabasamu, akafunga daftari. Mwacha asili ni mtumwa, wanasema, na huyu hata hakuiacha mwenyewe, aliachishwa.

Walimwachilia upande wa Maungu, siku ambayo nilipewa mapumziko bila kuomba. Ujanja mtupu.

Shamba langu la mahindi liko huko huko. Mahindi yakianza kukomaa tunalinda kwa zamu, tukigonga madebe na kurusha mawe. Nyani mmoja akihurumiwa, kesho huja kundi zima, na aliyemhurumia husemwa mpaka mavuno.

Asubuhi ya zamu yetu akatokea nyani mwembamba, sikio limechanika. Hakuyagusa mahindi. Alisimama mpakani, akanyoosha kiganja.

“Huyu ana wazimu,” jirani yangu akasema, akiokota jiwe. “Hata debe haogopi.”

Nilimjua. Naye alinijua, maana alishusha kiganja, akaweka mikono miwili kifuani. Majirani wakanigeukia, wakishangaa mbona nimesimama tu.

Mtafiti nilimshuku muda wote ule. Mimi mwenyewe sikuwahi kujishuku. Niliokota jiwe, nikarusha. Nililenga pembeni, lakini yeye angejuaje? Alirudi nyuma hatua moja, mikono bado iko kifuani.