Kisu Chepesi Nilichomwazima Mtu wa Kijitoni

Ukitaka kuniita mwongo, niite sasa hivi kabla sijaanza. Sikuwa nimelewa, pombe niliiacha zamani. Sikuwa nimelala. Wala haukuwa usiku: ilikuwa saa saba mchana, ukungu umeshuka kama unavyoshuka huku Meru wakati wa masika. Na hadi leo nikiona mtu anamenya mhogo, nageuza uso.

Nilikuwa mpagazi wa wapanda mlima kwa miaka mingi. Mwenzangu alikuwa Anaeli. Tumebeba mizigo pamoja, tumezeeka pamoja, kanisani tunakaa benchi moja. Mwaka juzi tukakubaliana tutembee tena, wazee wawili tu, tupande msituni juu ya Ngaramtoni, tule nyama huko, turudi. Yeye angebeba paja la mbuzi lililochomwa. Mimi ningeleta kisu.

Nikaenda sokoni kwa Mama Manka, anayeuza mitumba ya wapanda mlima: mabuti, mikoba, visu vya kukunja. Akanitolea viwili. Kimoja kizito kidogo, skrubu zake zinafunguka, unakiosha chote. Cha pili chembamba, mpini umetobolewa matundu ili uzito upungue. Ukikishika ni kama hujashika kitu.

"Babu, chukua hiki kizito," akasema. "Hicho chepesi uchafu ukiingia kwenye kiungo hautoki. Hakifunguki hicho."

"Binti, nimepanda mlima kabla hujazaliwa. Nilikuwa nakata hata mpini wa mswaki ili mzigo upungue."

"Haya, babu. Ukikatia samaki, mbuzi wako atanukia samaki mpaka Krismasi. Usije kunilaumu."

Wauzaji wa jirani wakacheka. Nikachukua chepesi. Kiburi tu, hakuna kingine.

Anaeli alipokiona njiani alikipima kiganjani. "Bwana, hiki ni kisu au kijiti cha meno?"

"Utaona kazi yake," nikamjibu.

Tulipofika mahali peupe msituni, yeye akaketi kufungua nyama, mimi nikashuka kijitoni kuchota maji. Juu ya jiwe alikuwepo kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, amevaa koti jeusi, mguu mmoja una kiatu, mwingine uko wazi. Sasa sikiliza. Kwetu kijana ndiye huanza kuamkia. Nikasimama nikimsubiri. Badala yake nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia taratibu, kama mtu aliyezoea. "Niazime kisu chako, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Wewe ungefanyaje? Ungekimbia, najua. Hata mimi nikiwa nyumbani nasema ningekimbia. Lakini ukishampa mtu shikamoo, kumnyima kitu ni vigumu. Nikampa.

Akakikunjua, akaanza kuchonga kisigino chake. Nilidhani anaondoa magaga. La. Alikata vipande, kipande baada ya kipande, vinene kama kidole, vyeupe kama mafuta ya mkia wa kondoo. Damu haikutoka hata tone. Harufu ilikuwa ya maziwa yaliyooza na ngozi mbichi iliyolowa. Alivipanga juu ya jani, sawasawa, kama nyama ya wazee kwenye sherehe. Niamini, lile fungu lilizidi ukubwa wa miguu yote miwili, na kisigino hakikupungua.

"Karibu," akasema, akinisogezea jani.

Nikatikisa kichwa. Yeye akatia kipande kimoja mdomoni, akatafuna, akakikunja kisu na kunirudishia.

"Chepesi," akasema. "Umechagua vizuri."

Nikapanda kile kilima nusu natambaa. Maji sikuchota, ningeyachotaje pale? Nilipokikunjua kisu, ubapa wake ulikuwa na ukungu wa mafuta, na ndani ya matundu ya mpini kulikuwa na kitu cheupe. Nikaufuta ubapa kwenye suruali. Kile cha ndani hakikutoka.

"Leta basi hicho kijiti," Anaeli akasema. "Au kimeshavunjika?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno matatu tu: kisu hiki kichafu. Lakini ningeelezaje? Kwamba nimemwamkia mtoto, nikampa kisu chetu cha nyama achongee kisigino? Na Anaeli angecheka, na Mama Manka angecheka. Nikampa.

"Wewe huli?"

"Tumbo," nikasema. Katika yote, hilo halikuwa uongo.

Yeye akala. Akalamba na ubapa. "Nyama hii ina utamu wa ajabu," akasema.

Kisu nilikitupa kwenye shimo la choo jioni ileile. Haikusaidia. Baada ya mwezi Anaeli akaanza kusukuma sahani: nyama haina utamu wa ile ya siku ile. Kisha mkewe akaja kuniita. "Shemeji, njoo umwone mwenzako."

Alikuwa nyuma ya zizi, wembe mkononi, kisigino juu ya goti. Pembeni yake jani la mgomba, vipande vimepangwa.

Hospitali walisema ni fangasi, wakampa dawa ya kupaka. Siku hizi mkewe hununua nyama iliyokwisha kukatwa buchani, na mboga huenda kuzikatia kwa jirani, maana nyumba ile haina kisu.

Jumapili moja baada ya ibada nilimwambia. "Anaeli, kile kisu kilikuwa kichafu. Nilijua."

"Nilikuona ukikifuta kwenye suruali," akasema. "Nikajua umeshakiosha, unakikausha tu. Si ni wewe, bwana?"

Akavua kandambili, akaweka kisigino juu ya goti. "Umekuja nacho?"

Nawe unayefunga mkoba uende mlimani, chagua kisu kinachofunguka hadi kwenye kiungo, hata kama ni kizito. Usimpe mtu ambaye umemwamkia bila kupenda. Na kikishachafuka, sema kabla mwenzako hajapeleka mkono kwenye nyama, akucheke yaishe. Anaeli alikula vipande saba. Nilivihesabu vyote, kimoja kimoja, nimenyamaza.