Fundo la Papa Nephtali

Papa Nephtali hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyojidanganya mpaka Séverin alipofungua duka mtaani kwao. Séverin, mfanyabiashara kutoka Butembo, alitundika televisheni ukutani, akawa anaonyesha katuni ya Kijapani ambamo watoto wanapiganisha pia za kuzungusha. Chini yake aliuza zile pia zenyewe, za plastiki na chuma, pamoja na kifaa cha kuzirushia. Unavuta mkanda, pia inaruka ndani ya sahani kubwa, na itakayodumu kuzunguka ndiyo mshindi.

Kabla ya hapo Daniella, binti wa pekee wa Nephtali, alikuwa akishinda na baba yake mtoni, kwenye maporomoko ya Wagenia alikovua samaki, akimshikia kamba za mitego. Pia zake zilikuwa za mti, alizochongewa na baba yake huyo. Sasa akitoka shule ni moja kwa moja dukani, na akirudi ni tonton, yaani mjomba, Séverin amesema hivi, tonton Séverin amecheka vile. Nephtali aliendelea kula pondu yake ya majani ya muhogo, na kila jina hilo likitajwa alimega tonge kubwa zaidi. Mkewe Georgette akamtania: mtu mzima mwenye ndevu anaionea wivu katuni? Katuni ilikuwa na kosa gani? Ni Séverin ambaye Nephtali angeweza kumla mbichi.

Jumamosi akachonga pia ya mti mgumu, akaipigilia msumari chini, akaenda dukani kuomba mchuano na Séverin. Watoto walijaa mpaka mlangoni. Alijiambia kwamba akishinda, mtoto atarudi mtoni, akishindwa, amempoteza.

Akazungusha kamba kwenye pia. Kwa hasira aliyokuwa nayo, vidole vikafanya kazi yao ya kila siku: vikamalizia kwa fundo la kufungia mitego, lile linalozidi kukaza kadiri maji yanavyovuta. Akarusha. Pia haikuzunguka hata kidogo, ikabaki inaning'inia kwenye kamba kama kambale. Duka zima likacheka. Daniella naye alicheka, na hicho ndicho kilichomchoma baba yake.

Séverin, kwa uungwana wake unaoudhi, akachukua kisu ili aikate ile kamba.

"Tonton, usikate," Daniella akasema. "Ile fundo iko ya papa. Mi najua namna ya kuifungua."

Hakuivuta kamba, aliisukuma irudi nyuma, akauma ncha yake kwa meno, kama alivyofundishwa mtoni, na fundo likalegea. Akaizungusha kamba upya kwenye pia, akarusha mwenyewe, naye Séverin akaweka kisu kando na kurusha yake. Pia ya Séverin iliigonga ile ya mti mara moja tu, ikaitupa nje ya sahani. Walishindwa, tena vibaya. Daniella akaiokota, akaipangusa kwa sketi, akamshika baba yake mkono waende.

Séverin alikuwa amekishika tena kile kisu.

"Papa Nephtali," alisema polepole, "mi niko na batoto tatu kule Butembo. Hakuna hata moja mwenye anajua kazi ya mikono yangu."

Nephtali alijua anapaswa kumhurumia, na alimhurumia kweli, lakini baadaye, walipokaribia mto. Pale mlangoni aliuona kwa Séverin uso wa mtu mwenye wivu, na alifurahi mno.