Shikamoo Ndani ya Chumba cha CT

Siku yangu ya kwanza kazini, hospitalini Ifakara, Mkuu wa Idara ya Mionzi hakunionyesha mashine. Alinisimamisha mbele ya ubao wa eksirei, akaniamuru nivute pumzi, niishikilie, niiachie, tena na tena mpaka nikaona kizunguzungu. "Umeona ilivyo kazi?" akasema. "Basi usimkaripie mgonjwa. Mfanyishe mazoezi kwanza, picha baadaye." Nilidhani ananitania kwa sababu ya ugeni wangu. Namshukuru mpaka leo.

Enzi hizo picha tulizisafisha kwa dawa kwenye chumba cha giza, na mikono ilinuka siki hadi nyumbani. Nilipangiwa kituo cha afya upande wa Chita, nikapiga vifua vya vijana wa kambi ya jeshi na vya wakulima, kisha nikarudishwa Ifakara. Huko nilimkuta Daktari Bingwa wa Radiolojia, mama asiye na maneno mengi. Baadaye ikaja mashine ya CT, ile inayoupiga mwili picha vipande vipande kama mkate uliokatwa. Ndipo tukaanza kuona vinundu, vijivimbe vidogo ndani ya pafu ambavyo eksirei ya kawaida huvipita. Vingi ni makovu ya kifua kikuu cha zamani. Vichache ni saratani inayoanza, na hivyo vinataka kuwahiwa.

Siku hizi kuna upasuaji wa matundu: daktari hupitisha kamera katikati ya mbavu badala ya kufungua ubavu mzima. Tatizo ni kwamba pafu likishanywea ili kuipisha kamera, kinundu kidogo hakionekani, na kidole hakifiki kukipapasa. Kwa hiyo asubuhi ya upasuaji tunaongoza sindano kwa picha za CT hadi kwenye kinundu, tunaacha pale waya mwembamba wenye ndoano, na daktari anaufuata huo waya.

Mama Honorata alitoka Idete, mjane, mkulima wa mpunga. Kinundu chake hakikuzidi punje ya kunde. Kufunguliwa ubavu alikataa katakata. "Mkono huu ndio unaonilisha," aliniambia. "Mkinipasua ubavu mzima, msimu wote nitalishwa na watu. Tundu, sawa. Tundu likishindikana, nirudisheni kwangu." Hakuwa anatania. Waya ukikosea, angerudi Idete na kinundu chake.

Mazoezi ya pumzi yalitutoa jasho. Kila nikimwambia aishikilie, alivuta kama mtu anayetaka kupiga mbizi, mara pumzi nyingi, mara kidogo, na kinundu kikapanda na kushuka pamoja na pafu. Mwishowe akaniuliza, "Kwani mnataka nitulie kama ninavyoamia ndege wasile mpunga, nikisikiliza kama wametua?" Nikamwambia hebu afanye. Pumzi ikasimama pale pale kila mara, nami nikacheka peke yangu.

Asubuhi ya upasuaji, sindano ilikuwa imebakiza kidogo tu kukifikia kinundu mlango ulipofunguliwa. Alikuwa Daktari wa Upasuaji, mgeni wetu kutoka Dar es Salaam, amekuja kuangalia tumefikia wapi. Kijana aliyelelewa akaleleka. Alipomwona mtu mzima amelala, adabu ikamtangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje?" Akageuza na kichwa ili amwone vizuri.

Nani angemlaumu? Huku kwetu shikamoo haiachwi ikining'inia. Lakini picha iliyofuata ilionyesha ncha ya sindano imehama, na hewa kidogo imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo ikiongezeka, pafu hunywea hapo hapo na kazi imekwisha. Daktari wa Upasuaji alirudi nyuma hadi ukutani. Mimi niliogopa kweli kweli, kwa sababu niliujua msimamo wa yule mama.

Daktari Bingwa hakupandisha sauti. "Daktari, salamu umeshatoa na umejibiwa," alisema. "Sasa kaa nasi. Tusubiri, halafu tupige tena."

Tukasubiri. Tulipopiga tena, hewa ilikuwa vile vile, haijaongezeka. Daktari Bingwa akanipa ishara kwa kichwa, nami nikasema kwenye kipaza sauti, "Mama, ndege." Akatulia. Sindano ikaingia, waya ukanasa pembeni mwa kinundu. Nilimsukuma mwenyewe hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na kipande cha pafu kilitolewa kwa matundu, waya ukiwa bado umo. Majibu ya maabara yalipokuja, ilikuwa saratani changa, na yote ilikuwa imetoka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ofisini, mbele za watu.

Tangu siku ile, Daktari wa Upasuaji akija Ifakara alianzia wodini, akamaliza salamu zote huko: za nyumbani, za shamba, za wajukuu. Ndani ya chumba cha CT hatukuamkiana tena. Mgeni angedhani tumenuniana.

Sasa nimestaafu. Nikiulizwa kazi ilinipa nini, nawataja wakubwa wangu ambao hawakufoka, na wagonjwa waliotuazima pumzi zao. Sikustahili bahati hiyo yote, lakini niliipata.

Msimu uliopita nilikwenda Idete kununua mpunga. Nilimkuta Mama Honorata shambani anaamia ndege, kombeo mkononi, mkono ule ule. "Shikamoo, mama," nikasema. Hakujibu. Alinikazia macho, kifua kimesimama, nikaanza kujiuliza nimemkosea nini. Kisha pumzi na kicheko vikamtoka pamoja.

"Marahaba, baba. Nilikuwa nasubiri umalize picha."