Chapa ya Ng'ombe wa Pacha Wangu

Kichwa cha ng'ombe wetu kilipatikana kichakani upande wa Jozani, masikio yote mawili yamekatwa. Wezi wa siku hizi wanaijua kazi yao. Marehemu baba alikuwa akitia alama kwa kukata sikio la kushoto, kipande kidogo kama kucha, na alama ile ndiyo iliyokuwa ushahidi wetu. Sikio likiondoka, umebaki na nini? Sheha, mkuu wa eneo letu, akasema kila mfugaji akaandikishe chapa ya moto, ile ya kuchomwa ubavuni, na asiyeandikisha asije kulia kwake.

Mimi naishi Mji Mkongwe, karani wa skuli. Mama yuko Makunduchi na ng'ombe kumi na tisa waliobaki. Watu hudhani ng'ombe ni wake. Si wake, wala si wangu. Nilivyolelewa kujua, ni wa pacha wangu, aliyekufa kwa homa tukiwa na miaka sita.

Tulipotimiza miaka mitano, baba alitupa kila mmoja mtamba wake, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Ndiyo ada ya nyumbani kwetu: mtamba wa mtoto akizaa, na watoto wake wakizaa, wote ni wa mtoto yule. Wangu, niliambiwa, alichinjwa kwenye hitima ya mwenzangu. Wake akabaki, akazaa, wakazaana. Mimi nimesomeshwa kwa madume yake. Kwenye harusi yangu watu wamekula nyama yake. Na mama, jamani! Ng'ombe akizaa, mama huingia zizini kumpongeza mtu asiyekuwepo: "Umepata ndama, babaangu." Nami nimesimama pale pale na ndoo ya maziwa mkononi, mzima, hata sitazamwi. Nilimwonea wivu, nasema kweli yangu. Nilimwonea wivu maiti, na wala sikuwa nikijificha.

Basi tukenda ofisi ya mifugo mimi na mama. Bwana mifugo, mtu mpole, akatufungulia daftari la chapa. Akatueleza kwamba mtu hutumia herufi ya jina la mwenye mali, kisha huongeza alama yake ili isifanane na ya mwengine. Tukapekua kurasa: mwezi mwandamo ushachukuliwa, nyota ishachukuliwa, jembe pia. Yangu nilikuwa nimeshaichora kwenye karatasi tangu mjini, herufi ya jina langu na kistari chini yake. Karatasi ilikuwa mfukoni, na mama sikumwonesha.

"Tuandike herufi gani, bi mkubwa?" akauliza bwana mifugo.

Mama akataja herufi ya pacha wangu.

"Na kitambulisho cha mwenyewe?"

"Hana."

"Yuko wapi, basi, tumpigie simu?"

"Yupo," mama akasema.

Hapo nikapandwa na hasira. "Amekufa!" nikapiga kelele, ofisi nzima ikageuka. "Amekufa, mama! Niliye hai ni mimi!"

Mama akanizaba kofi la mdomo. Mwanamume mzima, mvi kichwani, mbele za watu. Kisha akanishika mkono akanitoa nje mpaka nyuma ya ofisi penye tangi la maji. Kabla ya kusema akatazama huku na huku.

"Nyamaza, anakusikia," akasema. "Wewe hujui kitu. Yule mtamba tuliyemchinja hitima ndiye aliyekuwa wa mwenzio. Aliyebaki ni wako. Wote hawa ni wako tangu mwanzo."

Nikadhani uzee umemwingia. Akaniambia kwamba siku ya pili baada ya hitima, mtamba wa mwenzangu ameshaliwa, nami nilishikwa na homa ile ile. Nilikuwa nikizungumza na ukuta, namwambia mwenzangu asubiri, natafuta viatu. Bibi zangu wakasema mapacha hawaachani hivi hivi, marehemu anamtaka mwenziwe, mpeni kitu akae nacho. Baba akamchukua mtamba wangu, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa na alama yangu, akamkata na la kushoto, alama ya ndugu yangu. Mama akenda kaburini akasema: ng'ombe wako huyu hapa, na watakaozaliwa wako, tuachie huyu mmoja. Alasiri ile homa ikashuka.

"Najua dini inasemaje," akasema kabla sijafungua mdomo. "Usinisomeshe. Nlibakiwa na mmoja tu."

Nikamkumbuka ng'ombe yule mkongwe, bibi yao wote. Kweli alikuwa na mkato masikio yote mawili. Nimemkamua miaka na miaka, sikuuliza.

"Ukiandika jina lako, atajua," mama akasema.

Nikarudi ndani nikaandika langu. Ningefanyaje? Maiti haandikishwi, na bila chapa wezi wangewamaliza. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mama. Lakini astaghfirullah, nisiseme uongo hapa: niliandika kwa sababu nilitaka kuwa na kitu changu. 

Fundi wa kuchomelea vyuma pale Mwanakwerekwe akanitengenezea chapa. Siku ya kuipiga, bwana mifugo alikuja Makunduchi, ng'ombe wakafungwa, tukawasha moto wa vifuu vya nazi. Chuma kilipokuwa chekundu mama akatoka ndani amejitanda kanga, akatupita, akasimama penye ua unaotazamana na makaburi. Hakujali nani anasikia.

"Babaangu," akasema, "nlikudanganya. Si wako hawa. Wako tulimla siku ile ile ya hitima yako. Nshike mimi, usimguse yeye."

Bwana mifugo akainamisha kichwa, akakandamiza chuma. Harufu ya manyoya yaliyoungua ikatanda, ng'ombe akalia. Nami nimeshika kamba nalia, sioni hata ninapokanyaga. Miaka yote ile nimemwonea wivu mtoto ambaye hakuwa na hata ndama.

Sasa ng'ombe wana herufi yangu ubavuni, na cheti ninacho kabatini mjini. Hajaibiwa hata mmoja. Lakini kila alfajiri, kabla sijainuka kwenye msala, simu inalia. Ni mama. Nasema, "Naam, mama." Akishasikia sauti yangu, basi. Nasikia anashusha pumzi, kisha anakata.