Mwana wa Nyumbani Hapigi Hodi

Mwaka wa tisini na tisa mdogo wangu alitutumia kompyuta kutoka Dar es Salaam. Ilikuja kwa treni, imefungwa kwa blanketi, na baba yetu akaiweka sebuleni kwetu Nsemulwa, Mpanda, chini ya picha yake ya kustaafu. Alikuwa fundi wa simu miaka yake yote ya kazi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na laini wakati majirani bado wanapanga foleni posta.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu iliyokuja nayo, ya kumruhusu mtu aliye mbali aone kioo chako na hata aandike juu yake. Mdogo wangu aliitaka kwa ajili yangu. Nilikuwa nachapa barua na matangazo ya watu, na kila nilipokwama nilimpigia simu nikifoka kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu. Alinisomea maelekezo, nikayaandika kwenye karatasi, nikakata simu na kuyafuata: washa hiki, weka neno la siri, chomeka waya wa simu hapa. Nilikosea mara tatu. Baba alisimama nyuma yangu akinisahihisha mambo asiyoyajua.

Mwisho likatokea swali, nikamtafsiria baba: je, anayeingia aombe ruhusa kwanza? Mdogo wangu alikuwa amesema niweke ndiyo. Baba alikunja uso.

"Ruhusa ya nini? Huyu si mwanangu? Mwana wa nyumbani hapigi hodi kwa baba yake. Toa hiyo."

Nikatoa. Niliona ni maneno mazuri.

Toka hapo, kila Jumamosi saa kumi alasiri nilihamishia waya wa simu kwenye kompyuta, na mdogo wangu akaingia kwa laini hiyo kutoka kompyuta yake. Kimshale kilianza kutembea chenyewe, kikisitasita kwa ubovu wa laini, na baba alikivutia kiti. "Karibu, mwanangu. Umekula?" Mdogo wangu mwenyewe hakusikia kitu. Niliyaandika maneno yale, naye akajibu chini yake kwamba amekula. Nilimtania baba kuwa anasalimiana na mshale. Hakujali.

Baba alifariki Ijumaa moja, ghafla, bakuli la uji likiwa bado na joto.

Jumamosi asubuhi baba mdogo alitukalisha. "Nyie msimwambie kwenye simu," alituonya. "Yuko peke yake kule. Mjomba wake wa hukohuko atamfuata jioni akitoka kazini, amkalishe chini, amshike, ndo amwambie." Ndivyo tunavyofanya, na mpaka leo naamini ni vema. Mtu haambiwi kifo cha baba yake akiwa hana wa kumshika.

Nami nikaongeza ujanja wangu. Niliogopa kwamba akipiga simu nitashindwa kumdanganya, maana anaijua sauti yangu. Basi nikauchomeka waya wa simu kwenye kompyuta, ili simu isilie. Nilijiona nina akili.

Alasiri pikipiki mbili zilikuwa zinangoja tangazo la msiba, moja ilipeleke Mwese alikozaliwa baba, nyingine Katumba. Nikakaa kulichapa. Katika msiba siku zote ni moja; sikukumbuka hata kidogo kuwa ni Jumamosi. Nilikuwa nimeandika marehemu, nikaandika jina kamili la baba, nikaandika saa ya mazishi, ndipo kimshale kikanitoka mkononi.

Kikapanda polepole. Kikasimama kwenye jina. Nilijua anasoma. Sikuandika pole. Kisha neno marehemu likaanza kufutika, herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka jina la baba likabaki peke yake, kama lilivyokuwa kwenye barua zake.

Hapo nikachomoa waya.

Najua nilichofikiri: asione zaidi. Lakini nilimfungia mlango. Sisi tulikuwa tumejaa sebuleni tunashikana mabega, yeye yuko na kioo. Ningeweza kumpigia saa ileile. Nilijiambia kazi hiyo amepewa mjomba, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kupata mtu wa kumsingizia woga wangu. Kisha nikalirudisha neno marehemu mahali pake na kulitoa kwenye printa, kwa sababu pikipiki zilikuwa zinangoja.

Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata jioni. Mjomba alipofika alimkuta amekaa sakafuni, na simu ameiweka mapajani.

Mdogo wangu alifika Mpanda kwa treni siku ya nne, tumeshazika. Mlango ulikuwa wazi, na ndugu wamejaa ndani. Nilimwona kutoka uani akiweka begi lake chini, kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa. Hakuingia. Alipiga hodi, akasimama, akangoja aruhusiwe.