Chapa kwenye Paja la Ng'ombe

Nakumbuka siku niliyoshika wembe kufumua bendera niliyoishona mwenyewe, mwanangu.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Viongozi wa mji wetu mdogo, huku chini ya Mlima Hanang, walitaka bendera ya mji, nami ndiye niliyekuwa fundi cherehani mwenye jina. Wakaniambia niweke kijani cha mashamba, mlima, na ng'ombe. Ng'ombe nilimwona mnadani, dume mweupe, pajani ana mstari uliopinda na nukta mbili. Nikadhani ni urembo, nikaunakili wote. Sisi watu wa mahindi na ngano tungejua nini? Na ujana una kiburi chake.

Bendera ilikuwa ipandishwe siku ambayo wakulima na wafugaji wangekaa kupatana kuhusu njia ya mifugo kwenda majini. Watu walikwisha kuumizana kwa ajili ya njia hiyo, na kaka yangu alikuwa mmoja wa walioumia.

Siku mbili kabla, bibi mmoja wa wafugaji kutoka Getanuwas aliniletea shuka nimpindie. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye bendera.

“Mji huu mmeupa ukoo gani?”

“Ni wa wote, bibi.”

“Hii alama ya pajani ni chapa ya ukoo mmoja. Wengine wakiiona watasema mji una mwenyewe. Nani atakaa kupatana kwenye boma la mtu? Wewe ulimuuliza mwenye ng'ombe?”

Sikumuuliza. Nilinuna, maana nilishona siku tisa. Lakini udadisi ukaishinda hasira. Nilimpa chaki yangu ya kukatia nguo, akanichorea mezani chapa za koo alizozijua, kila moja na habari yake: hawa walihamishwa na ukame, wale waligawana na ndugu zao. Chai yangu ilikauka jikoni. Miaka yote nimeishi jirani nao, sikuwahi kuuliza hata moja.

Nikaifumua ile chapa.

Siku ya kikao, wazee wa wafugaji walitazama kwanza paja la ng'ombe. Lilikuwa tupu. Ndipo wakakaa, na kaka yangu akaenda kuwapa mkono.

Basi, mwanangu, usilolijua ni usiku wa giza, na kuuliza si ujinga. Kitu cha mwenzako kikikupendeza, kabla hujakifanya cha wote, nenda kwa mwenyewe akuambie kinasema nini. Mungu akupe macho ya kuona na mdomo wa kuuliza, na wazee wako wote, wa jembe na wa fimbo, wakuitikie marahaba kwa moyo mweupe.